Siga ya Saa Tisa

Baba alikuwa amezikwa miezi minne wakati habari ya ile harufu ilipotoka nje ya boma letu. Walioitoa ni akina mama wa kanisa, waliokuwa wakija kila Alhamisi kumwombea mama. Siku moja, katikati ya sala, mmoja wao alifungua macho akauliza ni nani anavuta sigara humu ndani. Hapakuwa na mwanamume nyumbani. Sala ilimalizwa mbio mbio, chai ikabaki kwenye vikombe, na Alhamisi iliyofuata walikuja wawili tu.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa nikifundisha sayansi kimu katika shule ya wasichana huko Embu, na nilikuwa nimepanga nyumba katika mtaa wa Dallas, mjini humo humo. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama, alikuwa na kazi ya ofisi Nairobi na uzee wa kanisa juu yake. Alinipigia simu shuleni, nikaitwa kutoka darasani mikono ikiwa bado na unga.

"Kuna kitu kwa ile nyumba," akaniambia. "Ama ni nyumba, ama ni kichwa ya mama. Sitaki kujua ni gani. Namleta hapa kwangu, na ile nyumba naifunga na misumari."

"Umemuuliza mama?"

"Mama anasema atatoka hapo akiwa amebebwa."

Mama hakuwa mtu wa vitisho. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, meno ya mbele yameisha zamani, na tangu mazishi alikuwa anakula kama kuku. Nilimwona katika fikira zangu kwenye ghorofa ya kaka, ameketi kwenye sofa mikono mapajani, hana kuni za kukata wala jirani wa kusalimu juu ya ua, na nikajua hataiona Krismasi. Hilo liliniumiza kuliko harufu yoyote. Nilimwambia kaka anipe likizo ya Aprili. Ningekaa na mama mwezi mzima nitafute chanzo cha ile harufu. Nikikipata, amwache mama kwake. Nikikosa, ningemfungia mama mizigo mimi mwenyewe. Alikubali, kwa sababu alijua sina subira na mambo ya mizimu. Mimi ni mtu wa kupima unga kwa kikombe na kusawazisha kwa kisu.

Nyumba yetu iko juu ya Makutano, mwendo wa saa moja kwa miguu kupanda mlima, mahali ambapo kahawa na migomba vinagombania udongo mwekundu. Ni nyumba ya mbao na mabati, na jiko liko kando, la udongo, jeusi ndani kwa moshi wa miaka mingi. Chumba cha mbele kilikuwa cha baba. Humo mlikuwa na kiti chake, kigoda cha kuwekea kikombe, dirisha moja, na rafu ya vitabu vya nyimbo. Kwenye mkebe juu ya rafu kalamu zake zilikuwa bado zimesimama, zote zimebapa nchani. Baba alikuwa na tabia ya kutafuna ncha ya kila alichoshika, hata mbele ya mchungaji, na mama alikuwa akisema amezaliwa na meno ya panya.

Lakini baba hakuvuta. Hilo lilijulikana na kila mtu. Kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya uhuru alifanya kazi katika ghala la majani ya tumbaku kule Ishiara, akiyapanga kwa gredi, na kila Jumamosi alirudi nyumbani. Kanisa lilimvumilia kwa sababu kazi ni kazi, na kwa sababu yeye mwenyewe alisimama madhabahuni akawaonya vijana juu ya pombe na sigara. Sauti yake ilitetemesha mabati.

Siku mbili za kwanza sikunusa kitu ila maharagwe. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mama alinituma nikamkatie ng'ombe majani kule bondeni. Mvua ilinikuta huko, nikajikinga chini ya mgomba mpaka ilipokatika. Niliporudi ilikuwa saa tisa na kitu. Mama alikuwa kibarazani akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilipita kando yake, nikafungua mlango wa chumba cha baba ili nipate taulo, na harufu ikanikaribisha.

Haikuwa harufu ya sigara. Sigara naijua, walimu wenzangu walikuwa wakivuta nyuma ya stoo. Hii ilikuwa nzito zaidi, na ilikuwa imesimama mahali pamoja, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi. Nilipoinama niliikosa. Niliponyooka iliondoka usoni ikaja kifuani. Nilirudi nyuma hatua moja, na sioni haya kusema kwamba miguu ndiyo iliyoamua.

Juu ya kigoda palikuwa na kisahani cha bati, na ndani yake kipisi cha kitu cheusi, kinene kama kidole gumba changu. Nilikigusa. Kilikuwa na joto.

Nilitoka nacho hadi kibarazani. Mama na mimi tuliongea Kimeru siku zote. Maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili, na yanapoteza chumvi kidogo.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ya baba yako."

"Baba hakuvuta."

"Kama hukumwona, basi hakuvuta," akasema, akapepeta maganda yakaruka upande wangu.

Mama akifunga mdomo, hata daktari wa meno hawezi kuufungua. Nilikifunga kile kipisi kwenye leso, na Jumamosi nikaenda Ishiara kumtafuta mtu pekee niliyemjua kuwa anajua tumbaku.

Alikuwa mzee mmoja wa Kimbeere aliyefanya kazi na baba katika lile ghala mpaka wote wawili wakastaafu. Siku ya mazishi alisimama mbali na kaburi, kofia mkononi, akanusa vidole vyake badala ya kuimba. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, pembeni mwa soko, ameketi kwenye kivuli cha mabati na ubao juu ya magoti. Joto la Ishiara si mchezo kwa mtu wa mlimani; nilikuwa nimelowa jasho kama niliyetoka mtoni. Alikuwa anaviringisha majani. Alifundishwa na bosi mmoja wa kigeni aliyekuja ghalani miaka ya mwanzo ya uhuru, mtu aliyevuta siga tu, yaani ile sigara nene ya majani matupu isiyo na karatasi. Bosi alirudi kwao, lakini mzee aliendelea kuzitengeneza, chache, kwa ajili yake na wateja wawili watatu wasiotaka kutajwa.

Nilimpa ile leso. Hakuifungua.

"Unataka kujua hii kitu ilitoka wapi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi naweza kukuambia. Lakini utajuaje si uongo? Keti, mwalimu. Kwanza ujue kuonja, ndio ukijibiwa, ujue umejibiwa."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwalimu, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani. Lakini nilimwona mama kwenye sofa ya kaka, nikaketi.

Alikata kichwa cha siga kwa kisu kidogo, akaiwasha polepole akiizungusha juu ya njiti bila kuigusisha moto, akanipa. "Usiinhale, mwalimu. Moshi hauendi kwa kifua. Shika kwa mdomo kama chai moto, hesabu tatu, toa."

Bila shaka niliuvuta kifuani. Nilikohoa mpaka kuku wakakimbia, kisha nikatapika kando ya ua wake, na yeye akanipa maji ya kusukutua bila kucheka. Nilijaribu tena. Ulimi uliungua, basi. Akaniuliza naonja nini. Nikasema naonja moshi.

"Hiyo ni kama kusema chakula inaonja chakula. Sema kitu unayojua."

Nilifunga macho nikakasirika. Nilijiambia: wewe ndiye unayewafokea wasichana wakisema supu ni tamu tu. Nikashika moshi mdomoni, nikauacha. Upande wa ulimi palikuwa na kitu kama ganda la nduma iliyochomwa majivuni. Nikasema hivyo. Mzee aliinua nyusi. Nikajaribu tena, nikapata vumbi la barabara mvua inapoanza kulipiga, na nyuma kabisa, kooni, ule uchungu wa gome la miraa kabla halijageuka tamu.

"Sasa tunaongea," akasema.

Nilirudi kwake Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Alinipa jani la bondeni na jani la kilimani, lililoota chini kwenye shina na lililoota juu, na akanifunza kuyatofautisha nikiwa nimefumba macho. Aliniambia siga ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni mgeni: anaongea vizuri, hasemi anachofikiri. Ya pili ni jirani: ameanza kukuambia ukweli. Ya tatu ni mwenye nyumba. Uchungu wote na mafuta yote ya majani yamekusanyika hapo, na si kila mtu anaweza kuketi naye. Mimi sikuweza. Kila mara nilifika kwa mwenye nyumba nikasalimu amri. Lakini nilijifunza harufu yake, maana mzee alizimaliza zake zote mbele yangu, na ile harufu nzito ndiyo iliyokuwa imesimama chumbani kwa baba.

Jambo moja zaidi alinifunza bila kukusudia. Niliweka siga yangu juu ya jiwe ili nifunge kiatu, na nilipoirudia ilikuwa imezima.

"Sigara ya dukani ukiiacha inajikula yenyewe," akasema. "Hii haijikuli. Hii ni lazima mtu aikule."

Jumamosi ya tatu ndipo alipoifungua leso. Alikinusa kipisi kikiwa baridi, akakipasua ubavuni kwa ukucha, akachomoa kipande cha jani, akakichoma juu ya njiti na kukisogeza kwangu.

"Sema."

Sikuhitaji hesabu ya tatu. Lilikuwa jiko letu. Palikuwa na moshi wa kuni mbichi za Aprili, na uji uliochacha, na masizi matamu ya dari ambayo tukiwa watoto yalidondoka kwenye sahani zetu tukayala. Macho yalinilenga machozi, nikasema ni moshi.

"Hili halikukauka ghalani," mzee akasema. "Lilining'inizwa juu ya moto wa kupikia, miezi. Na ni udongo wa kwenu, mwekundu. Baba yako hakunipea kazi ya kumtengenezea hata moja, unajua? Alikuwa anakuja na zake, zimefungwa na majani ya ndizi kama miraa. Alisema nyumbani kuna mtu."

Akacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimepata chanzo. Mama, mama yangu wa kitambaa cheupe kichwani, mwenye kiti chake katika safu ya pili kanisani! Nilikuwa tayari nimeanza kupanga maneno ya kumwambia kaka.

Kisha mzee akakigeuza kipisi kutazama ule upande wa mdomoni, na kicheko chake kikakatika.

"Hii umeitoa wapi?"

"Chumbani kwa baba. Wiki tatu zilizopita."

"Ya zamani?"

"Ilikuwa na joto, mzee."

Alinionyesha. Ncha ilikuwa imetafunwa mpaka imebapa kama mswaki wa mti, nyuzi za jani zimechambuka. Nilizijua zile alama. Zilikuwa kwenye kila kalamu katika ule mkebe. Na nikamkumbuka mama akimenya ndizi ya kuiva kwa sababu ndiyo pekee fizi zake ziliweza.

Mzee alikirudisha kwenye leso akaifunga fundo mbili. "Enda nayo, mwanangu," akasema. Hakuwa ameniita hivyo hapo awali. "Usiiache kwangu."

Nilifika nyumbani jioni ile nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa woga uliovaa viatu. Asubuhi tulikwenda kanisani, tukarudi, tukala. Mama alipofungua kinywa kunituma bondeni, nikasema ng'ombe ana majani ya kutosha.

"Wewe ndiye unazitengeneza," nikamwambia.

Aliamka akaenda jikoni, nami nikamfuata. Alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akapapasa kwenye dari juu ya mafiga, akashusha furushi la majani ya mgomba lililofungwa kwa kamba ya mgomba, vile vile wanavyofunga miraa ili isikauke njiani. Ndani zilikuwa siga ishirini na kitu, nyeusi, zimelala sawasawa.

Aliniambia yote akiwa amesimama. Baba alileta mbegu kutoka Ishiara mwaka wa kwanza wa kazi yake, akazipanda katikati ya migomba mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Yeye mama ndiye aliyeyakausha majani juu ya moto wake, na baba akamfunza kuviringisha. Kila Jumamosi alipofika, yapata saa nane mchana, walijifungia mle chumbani sisi tukiwa tumetumwa bondeni kukata majani. Nilikumbuka zile safari zote za bondeni, na ng'ombe aliyekuwa ameshiba.

"Mwanzo ulikuwa wangu," mama akasema. "Yeye hakupenda mwanzo. Nilikuwa nawasha, navuta mpaka nusu, nampa. Mwisho ulikuwa wake."

"Na sasa?"

"Sasa nawasha, navuta nusu yangu, namwachia yake. Mke hali chakula cha mume, hata akichelewa."

Alisema hivyo bila kupunguza sauti. Nikamuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa kitu kimoja tu: kaka. "Akinipeleka Nairobi," akasema, "huyu akija atamkuta nani?"

Nilisema nataka kuona. Nadhani nilitaka kuipima, kama unga.

Tuliingia chumbani pamoja. Mama aliwasha kwa kijinga cha moto alichotoka nacho jikoni, akiizungusha vizuri kuliko mzee wa Ishiara. Aliketi chini, si kwenye kiti cha baba, akavuta kwa midomo iliyoingia ndani, macho yamefumba, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimwona amestarehe. Aliniachia mikupuo miwili. Nilipata ndizi iliyoungua, na asali chungu, na lile jiko. Ilikuwa bora kuliko zote nilizoonja Ishiara, na niliona wivu kwamba nyumba hii ilikuwa na kitu kizuri namna hii na sikuwahi kukaribishwa. Ilipofika nusu mama aliiweka kwenye kisahani. Nilikaa nikaitazama. Majivu yaligeuka kijivu, kisha meupe, na uzi wa moshi ukakatika. Nilisubiri zaidi, nikaweka kidole. Ilikuwa imezima, imepoa.

Nilifunga dirisha kwa kitasa chake. Nilifunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni mwa sketi yangu. Tulikwenda jikoni na mama akaketi mbele yangu, magoti yake yakigusana na yangu, tukaanza kumenya viazi. Mvua ilikuja ikapita. Sikuyaondoa macho yangu mikononi mwake.

Ilipofika saa tisa harufu ilivuka ua. Mwanzo nilijiambia ni ile yetu, imekwama kwenye mbao. Lakini pua yangu ilikuwa imesomeshwa Jumamosi tatu, na haikunipa nafasi ya kudanganywa. Huyu hakuwa mgeni wala jirani. Ulikuwa uchungu mzito wenye mafuta, wa majani yanayoungua karibu na midomo ya mtu asiye na haraka. Mama aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, halikukatika. Kutoka upande wa nyumba nilisikia kiti kikilia kama kinavyolia mtu akihamisha uzito wake, mara moja tu.

Sikuenda kufungua. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda, maana nilikuwa mwalimu na ufunguo ulikuwa wangu. Nilibaki na kisu mkononi nikilia kwa woga, na mama akanipangusa kwa ncha ya leso yake kama mtoto mwenye kamasi.

Mpaka harufu ilipopoa ndipo alipoomba ufunguo. Niliingia nyuma yake. Ndani ya kisahani palikuwa na kipisi urefu wa kifundo cha kidole, ncha imetafunwa, na nilipokigeuza ilikuwa na unyevu. Mama alikichukua, akakifukia kwenye mzizi wa mgomba ambako, naona sasa, udongo ulikuwa umefukuliwa mara nyingi.

Kaka alikuja mwisho wa mwezi na gari la kuazima, tayari kwa mizigo. Alisimama nje kwenye shamba la kahawa, hakutaka kuingia. "Sema basi. Umepata nini?"

"Ni mama," nikasema. "Anavuta siga. Analima tumbaku kati ya migomba, anakausha jikoni. Na baba alikuwa anavuta pia, tangu sisi ni wadogo."

Sijawahi kumwona mtu akizeeka haraka vile. Alitazama nyumba, akatazama migomba, akatazama viatu vyake. Nilimwona akiuona uso wa mchungaji, na uso wa mkewe, na mama akiwasha kitu chake kwenye sofa lao mbele ya wageni wa maombi.

"Umeambia mtu?"

"Hapana."

"Usiambie mtu. Wacha akae hapa. Akae tu hapa."

Hakuutaja tena uhamisho hadi kufa kwa mama. Nilimpa nusu ya habari, na nusu ile ilitosha. Ile nyingine nimekaa nayo peke yangu mpaka leo, na nyakati nyingine ni mzigo, kwa sababu kaka alimpenda baba pia na pengine angetaka kujua.

Mama aliishi miaka tisa zaidi. Alinenepa kidogo. Kila likizo nilipokwenda, baada ya chakula alinipa mikupuo miwili ya mwanzo, akaniuliza naonja nini, na nilipokosea alinicheka. Saa tisa ilipokaribia tulihamia jikoni. Sikuzoea, lakini niliacha kulia. Alifariki asubuhi moja ya Julai kitandani mwake, na alitoka katika ile nyumba akiwa amebebwa, kama alivyosema.

Wageni wa mazishi walipoondoka nilibaki peke yangu wiki moja. Nilipanda juu ya kinu, nikapapasa dari, nikashusha furushi. Zilikuwa zimebaki tatu. Saa nane niliketi chini chumbani, nikakata kichwa, nikawasha kwa kijinga, nikavuta bila haraka. Nilipata ndizi, nikapata asali, nikapata masizi ya utoto wangu. Ilipofika nusu niliiweka kwenye kisahani, nikafunga mlango, nikaenda jikoni kumenya viazi nisivyovihitaji. Sikuwa na woga tena. Nilikuwa nawangoja.

Saa tisa ikapita, na saa kumi. Nilinusa mpaka kichwa kikauma, na sikupata kitu ila kuni. Jioni nilifungua mlango. Siga ilikuwa pale pale, nusu, baridi, ncha yake nzima. Nilifanya hivyo kesho yake, na keshokutwa yake, na zote tatu zikabaki nusu kwenye kisahani, zimepangana.

Bado ziko pale, sikuweza kuzifukia. Mama alinifunza kwamba mtu akiwekewa chakula asikile, usimkasirikie. Amekula kwingine.